Mgomba na Machipukizi Yake: Namna Mpanda Makanisa Anavyofunzwa

Kupanda kanisa ni kuanzisha ushirika wa waumini mahali ambapo haukuwapo, na kuulea mpaka uweze kusali, kufundishana, kubatiza, kutunza wenye shida na kujiongoza wenyewe. Picha ya kupanda ilitoka kwa Mtume Paulo, aliyejifananisha na mkulima alipowaandikia Wakorintho: kazi ya kutia mbegu ardhini aliichukua yeye, ya kumwagilia akampa mwenzake Apolo, na ukuaji akamwachia Mungu. Katika Afrika Mashariki kazi hiyo ina majina mengi. Walutheri wa Tanzania hufungua mtaa, Wakatoliki huanzisha kigango, Wapentekoste hufungua tawi. Anayetangulia huitwa mwinjilisti, katekista au mchungaji, na siku hizi makanisa mengi ya kiinjili humwita kwa jina la kazi yenyewe: mpanda makanisa.

Makanisa mapya hayana tabia moja. Liko linalokua kwa kujaza viti, likabomoa ukuta na kuongeza mabati kila watu wanapozidi. Liko linalofungua matawi, lakini kila tawi hungojea mchungaji, fedha na maamuzi kutoka kanisa mama. Na liko linalozaa: likiwa bado changa, linamtoa mmoja wa watu wake akaanzishe jingine, na hilo la pili likafanya vivyo hivyo bila kungoja amri ya aliyepanda la kwanza. Mkulima wa Kagera au Kilimanjaro huijua tofauti hii shambani kwake. Mgomba huzaa mkungu mmoja, kisha hukatwa. Kinachodumisha shamba la migomba miaka na miaka ni machipukizi yanayotokea shinani kabla mkungu haujakomaa.

Hesabu yake ni nyepesi. Mhubiri hodari akifungua kanisa moja kila mwaka kwa mikono yake, baada ya miaka 20 atakuwa amefungua makanisa 20. Kanisa moja likizaa jingine kila baada ya miaka 2, na kila lililozaliwa likafanya hivyo, baada ya miaka 10 yatakuwa 32, na baada ya miaka 20 yatapita 1,000. Katika maisha halisi hesabu haiendi sawasawa namna hiyo, kwa kuwa makanisa mengine hufa na mengine hukawia. Hata hivyo inaonyesha mzigo ulipo. Kila kanisa jipya linahitaji mtu wa kulianzisha, basi makanisa hayawezi kuzaliana upesi kuliko watu wanavyofunzwa. Namna ya kufunza ndiyo inayoamua kama kizazi cha tatu kitapatikana.

Shule ya Efeso

Wakufunzi wa kazi hii huanzia kwenye kitabu cha Matendo ya Mitume. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu. Huko alifanya kazi ya kushona mahema pamoja na Akila na Prisila, na wenzake hao wawili baadaye wakamchukua Apolo, mhubiri fasaha aliyekuwa na upungufu katika mafundisho, wakamfundisha kwa upole. Efeso Paulo alifundisha kila siku katika ukumbi wa Tirano kwa miaka 2, na mwandishi wa Matendo anasema kwamba wakaaji wa jimbo zima la Asia walilisikia neno. Paulo peke yake asingeweza kufika kila mji wa jimbo hilo. Waliofika ni wengine.

Mmoja wao anajulikana kwa jina. Epafra, mwenyeji wa Kolosai, ndiye aliyewafundisha watu wa mji wake, na bidii yake iliwagusa pia Wakristo wa Laodikia na Hierapoli. Paulo alipowaandikia Wakolosai hakuwa amewaona uso kwa uso. Lilikuwa kanisa lililozaliwa na mtu aliyefunzwa, na Paulo akawa kama babu kwao. Katika waraka wa pili kwa Timotheo mpango huo unaelezwa waziwazi: aliyoyapokea Timotheo kwa Paulo ayakabidhi kwa watu waaminifu, nao wawe na uwezo wa kuwafundisha wengine. Hivyo ni vizazi vinne katika agizo moja, na ndicho kipimo kinachotumika mpaka leo. Somo ambalo mwanafunzi ameshindwa kumfundisha mwingine bado halijafundishwa.

Sinagogi za Buganda

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili ni Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda ya leo. Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walifika kwa mfalme wake, Kabaka Mutesa, mwaka 1877, na Mapadri Weupe wa Kanisa Katoliki wakafika 1879. Waanglikana walianza masomo yao kwa Kiswahili, kwa sababu sehemu za Biblia zilikwisha kutafsiriwa Unguja na Askofu Edward Steere, na biashara na pwani ilikuwa imekifikisha Kiswahili ikulu kwa Kabaka. Aliyejiunga na masomo aliitwa msomaji, na kwa watu wa Buganda neno hilo likawa jina la Mkristo. Kusoma na kuamini vilikwenda sambamba, na aliyekwisha kujua alimfundisha asiyejua.

Kati ya 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliwaua wasomaji wengi, Waanglikana na Wakatoliki, na mwaka 1888 wamisionari walifukuzwa nchini. Wasomaji waliobaki walifundishana wenyewe, mara nyingine kwa siri. Kanisa lilijifunza mapema kuishi bila mgeni wa kulishika mkono.

Matunda yalionekana miaka michache baadaye. Mwishoni mwa 1893 George Pilkington, mtafsiri wa Biblia ya Kiganda, alirudi Mengo kutoka kisiwa cha Kome akiwa na moto mpya, na uamsho ukawashika waumini wa mji mkuu. Wengi waliomba watumwe vijijini. Halmashauri ya kanisa, iliyokuwa na wazee wa Kiganda, iliwachagua na kuwatuma, na waumini wakachangia mahitaji yao. Walijenga vibanda vya matete na majani vilivyoitwa sinagogi, mahali pa kusomea na kusalia, bila mmisionari wa kukaa hapo. Kwa hesabu ya Pilkington, mwanzoni mwa 1894 makanisa ya vijijini na vibanda hivyo havikuzidi 20. Mwisho wa mwaka ule havikupungua 200.

Ongezeko hilo liliwezekana kwa sababu kila kilichohitajika kilikuwa mikononi mwa wanakijiji. Matete yalikuwepo. Kitabu kilikuwa kimoja. Mwalimu alikuwa mtu wa kawaida, hatua chache tu mbele ya wanafunzi wake, na aliyejua kusoma Injili moja alikuwa na cha kutosha kuanza nacho.

Katika kizazi hicho alikuwamo Apolo Kivebulaya. Alibatizwa mwaka 1895, akatumwa Toro, na mwaka 1896 akavuka kwenda Boga, sehemu ambayo leo imo mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wameondoka. Chifu Tabaro alikataa kuwalisha, nao walidhani kushika jembe ni kazi isiyowafaa walimu. Kivebulaya alipokuwa njiani alinunua jembe kwa kauri, fedha ya wakati ule, akafika Boga nalo. Alilima, akala jasho lake, akafundisha. Alipigwa, akafungwa, akasingiziwa mauaji ya dada wa chifu, kisha akaachiliwa akarudi. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa. Kivebulaya akaendelea kuwafunza wenyeji kuwa walimu na kuwatuma mbele, mpaka kwa Wambuti wa msituni, ambao Injili ya Marko ilitafsiriwa kwa lugha yao katika kazi yake. Jembe lile lilimwondolea chifu uwezo wa kuifukuza Injili kwa kukataa chakula. Wakufunzi wa leo wanaoufahamu mkasa huu wana somo zima la uchumi wa mpanda makanisa ndani ya jembe moja.

Kutoka Shandong hadi Nairobi

Wakati Waganda wakifanya hivyo kwa vitendo, wengine walikuwa wakiandika kanuni. John Nevius, Mpresbiteri wa Marekani aliyefanya kazi katika jimbo la Shandong nchini China, aliona kwamba kumlipa mwongofu mshahara ili ahubiri kulimharibia jina kwa jirani zake na kulifanya kanisa liitegemee hazina ya wageni. Alishauri kila mwongofu abaki katika kazi na makazi yake, viongozi wachaguliwe na kutunzwa na waumini wenyewe, majengo yajengwe kwa uwezo wa wenyeji, na watu wote wafundishwe Biblia kwa mfululizo. Mwaka 1890 wamisionari vijana wa Korea walimwalika Seoul kwa majuma mawili, wakaichukua njia yake kuwa sera yao. Wakulima wa Korea walikusanyika kwa madarasa ya Biblia wakati kazi za shamba zimepungua, kisha wakarudi vijijini kufundisha. Mwaka 1907, huko Pyongyang, Wakorea 7 waliwekewa mikono kuwa wachungaji wa kwanza wa Kipresbiteri wa taifa lao. Mmoja kati yao akatumwa kuwa mmisionari kisiwani Jeju. Chipukizi halikungoja mgomba uzeeke.

Mwandishi aliyelieleza jambo hili kwa kina zaidi alimalizia maisha yake Nairobi. Roland Allen, kasisi wa Kianglikana kutoka Uingereza, alihudumu kaskazini mwa China, akazingirwa Peking mwaka 1900 wakati wa vita vya Mabondia, akarudi kwao akiwa na maswali mazito. Mwaka 1912 alichapisha kitabu akilinganisha njia za Paulo na njia za wamisionari wa zama zake. Hoja yake ilikuwa kwamba Paulo, kwa muda wa miaka kama 10 tu, aliacha makanisa kamili katika majimbo 4 ya dola la Rumi, kwa sababu alithubutu kuwakabidhi waongofu wake Maandiko, ubatizo, Meza ya Bwana na wazee, kisha akaondoka akimwamini Roho Mtakatifu aliye ndani yao. Wamisionari wa zama za Allen walikaa kizazi baada ya kizazi wakisema wenyeji hawajawa tayari. Allen aliona kwamba asiyekabidhiwa hawezi kuwa tayari.

Allen alihamia Kenya katika miaka ya 1930, akajifunza Kiswahili uzeeni na kuzitafsiri kwa Kiingereza tenzi ndefu za Waswahili, zikiwemo za Hemed Abdallah el-Buhry wa Tanga. Alifariki Nairobi mwaka 1947. Padri Vincent Donovan, Mmarekani wa shirika la Roho Mtakatifu, alivisoma vitabu vyake na kujaribu njia hiyo kwa Wamaasai wa Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kuanzia 1966. Misheni ya huko ilikuwa na shule na hospitali, lakini Wamaasai watu wazima waliobaki katika imani walikuwa adimu mno. Donovan akaanza kwenda bomani kila juma na kuzungumza juu ya Mungu peke yake. Ubatizo ulipokaribia alitaka kuwachuja waliohudhuria vizuri na wavivu, na mzee mmoja wa boma akamkatalia. Waliokuwa wepesi, alieleza mzee, waliwabeba waliokuwa wazito, na wote walikuwa wamefika pamoja. Donovan aliwabatiza wote. Mkufunzi alifundishwa siku hiyo kwamba linalopandwa ni jamaa nzima.

Anachofunzwa mpandaji

Mafunzo ya leo yanatofautiana kwa dhehebu na mahali, lakini yaliyo imara yanafanana kwa mambo kadhaa.

La kwanza ni uteuzi. Nyaraka kwa Timotheo na Tito zinapotaja sifa za mwangalizi, karibu zote ni za tabia: mume mwaminifu, mkarimu, asiye mlevi, asiyependa fedha, mwenye sifa njema kwa walio nje. Ufundi unaotajwa ni uwezo wa kufundisha tu. Kwa hiyo wakufunzi wenye busara huwauliza majirani kabla ya kusoma vyeti. Mtu aliyeshindwa kuelewana na mkewe na jirani zake atapanda kanisa lenye ugomvi huohuo.

La pili ni mafunzo kazini. Chuo cha Biblia cha bweni kina heshima yake, kwa kuwa kanisa linahitaji watu wanaojua lugha za Maandiko, historia na mafundisho kwa undani. Udhaifu wake kwa upandaji ni kwamba humng'oa mtu mahali alipo na mizizi. Anaondoka kijijini miaka 3 au 4, anarudi na matarajio ya mshahara na nyumba, na mara nyingi harudi kabisa. Wapresbiteri wa Guatemala waliliona tatizo hili, na mwaka 1963 wakaipeleka seminari kwa wanafunzi: wakulima na wafanyabiashara walisoma vitabu nyumbani, wakaendelea kuhudumu makanisani mwao, na mwalimu akawafuata kila baada ya muda kwa majadiliano. Njia hiyo, inayojulikana kama elimu ya theolojia kwa njia ya enezi, iliingia Afrika katika miaka iliyofuata. Imefananishwa na uzio wa mbao: ubao mmoja ni masomo, wa pili ni kazi ya kila siku, na nguzo zinazoshikilia zote mbili ni vikao vya mwalimu na wanafunzi.

La tatu ni kukabidhi kwa hatua. Kwanza mkufunzi anafanya, mwanafunzi anatazama. Kisha wanafanya pamoja. Halafu mwanafunzi anafanya, mkufunzi akiwa kando akimsahihisha. Mwisho mkufunzi anaondoka, akibaki kupigiwa simu au kutembelewa. Fundi seremala, fundi cherehani na nahodha wa jahazi wote wamewalea wanafunzi wao kwa njia hii tangu zamani. Wanaoikosea hukwama hatua ya pili, kwa sababu mkufunzi hupenda kusaidia na mwanafunzi hupenda kusaidiwa.

La nne ni wepesi wa somo. Linalofundishwa lazima liweze kurudiwa na mtu asiye na umeme, projekta wala kabati la vitabu. Ndiyo maana mafunzo mengi hutumia simulizi za Biblia zinazokaririwa kichwani. Katika jamii zenye utamaduni wa hadithi na ngano, mtu asiyesoma anaweza kubeba simulizi 40 bila kukosea, na bibi anaweza kuzifikisha jikoni ambako mhubiri hafiki.

Darasa chini ya mwembe

Kikao cha kawaida cha mafunzo ya namna hii kina watu 8 hadi 12 juu ya mikeka: fundi cherehani, muuza samaki, dereva wa bodaboda, mke na mume wenye kibanda cha chai. Kina sehemu tatu, na kila sehemu hupewa theluthi moja ya muda.

Sehemu ya kwanza ni kuangalia nyuma. Kila mmoja hueleza alimwambia nani simulizi ya juma lililopita, na kama alilitimiza aliloahidi. Aliyeshindwa hakemewi, bali anaombewa na kuulizwa kilichomkwamisha. Wakufunzi wanaokiri ukweli husema hii ndiyo sehemu inayorukwa kwanza wakati ukiwa mfupi, na ndiyo inayoligeuza darasa kuwa maneno matupu ikirukwa.

Sehemu ya pili ni Neno. Mkufunzi husimulia, kwa mfano, kisa cha mwanamke Msamaria kisimani, bila kukihubiri. Kisha mtu mmoja hukirudia kwa maneno yake na wenzake wakimsikiliza kama mahakimu. Msimuliaji akisema mwanamke alikuja usiku, darasa zima humrudisha: usiku alikuja Nikodemo, huyu alikuja saa sita, jua likiwa utosini. Makosa ya namna hiyo ni mazuri, kwa sababu yanawafundisha kwamba Maandiko yana mlinzi zaidi ya mmoja. Baada ya hapo huulizwa maswali machache yasiyobadilika: kisa kinatuonyesha nini juu ya Mungu, kinatuonyesha nini juu ya binadamu, kinanitaka nifanye nini, na nani anahitaji kukisikia? Hapo hugundua wenyewe kwamba yule mwanamke aliuacha mtungi wake, akaenda mjini siku ileile na kuwaleta watu, kabla hajapata cheti chochote.

Sehemu ya tatu ni kuangalia mbele. Kila mmoja hutaja jina la mtu, siku na mahali. Muuza samaki atamweleza mteja wake wa sokoni siku ya Jumanne. Fundi atazungumza na kaka yake kijiji cha pili. Kisha wawili wawili hufanya mazoezi ya kusimulia mpaka kila mmoja aweze. Katika majina hayo hutafutwa anayeitwa, kwa kufuata Luka sura ya 10, mtu wa amani: mwenyeji anayempokea mjumbe, anayeheshimiwa na jamaa zake, na anayefungua mlango wa nyumba yake. Kanisa jipya huanzia nyumbani kwake, kwa hiyo tangu siku ya kwanza lina ndugu, lugha na anwani.

Wakatoliki wana chombo chao kinachofanana na hiki. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, waliipa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo nafasi ya kwanza katika uchungaji wao. Jirani wa nyumba chache hukutana kila juma, husoma Injili, huangalia aliyelazwa na aliyefiwa. Jumuiya ikizidi kuwa kubwa hugawanywa, na uongozi mpya huzaliwa.

Jembe na kapu la sadaka

Fedha ndiyo mahali upandaji mwingi unapofia. Mpandaji anayelipwa mshahara kutoka mbali huacha kazi siku msaada ukikatika, na waumini wake hawajawahi kujifunza kutoa. Fedha ikiwa nyingi mno huvuta pia waliofuata fedha. Kwa hiyo mafunzo humwandaa mpandaji kwa kazi ya mikono: ufugaji wa kuku, cherehani, kilimo, duka. Paulo alikuwa na mahema, Kivebulaya alikuwa na jembe.

Kanisa changa nalo hufundishwa kutoa tangu likiwa na watu watano. Makanisa mengi ya vijijini Tanzania yana utaratibu wa mnada baada ya ibada, ambapo mkungu wa ndizi, mayai au kuku wa mjane huinuliwa mbele ya watu na kununuliwa. Anayetoa ni yule asiye na noti. Kanisa lililozoea hivyo haliulizi nani atajenga, kwani wa kukata miti na wa kubeba maji wako palepale. Kanisa la Buganda lilikuwa la matete kwa sababu hiyohiyo, na wakufunzi hushauri jengo lisitangulie watu.

Haraka na kina

Kuzaliana upesi kuna hatari zake, na mafunzo yasiyozitaja humdanganya mwanafunzi. Mbegu iliyoanguka penye mwamba iliota upesi ikanyauka. Mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Kiongozi asiyejua Maandiko na asiyewajibika kwa mtu yeyote anaweza kuwaangamiza watu. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa kundi la kidini, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa. Rwanda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliwataka viongozi wa taasisi za dini wawe na shahada ya masomo ya dini, ikawapa miaka 5 ya kutimiza.

Serikali ina haki ya kulinda uhai wa raia, lakini cheti peke yake hakimzuii mwovu, na kukosa cheti hakumfanyi mtu kuwa mwongo. Kinga inayofanya kazi kila juma ni uwajibikaji. Mpandaji asitumwe peke yake bali wawili wawili, kama Yesu alivyofanya. Fedha zihesabiwe na zaidi ya mmoja, mbele ya watu. Wazee wawekwe mapema, na wawe na uwezo wa kumkanya aliyewapandia kanisa. Mafundisho yapimwe na kundi zima kwa Biblia iliyo wazi, na elimu ya kina iendelee baada ya kanisa kuzaliwa. Nchini Tanzania jumuiya ya kidini inayojitegemea husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, na mpandaji mwaminifu hujitambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji kabla hajatandika mkeka wa kwanza.

Ipo pia adabu ya jirani. Kanisa lililojazwa kwa waumini waliovutwa kutoka kanisa la ng'ambo ya barabara halijapandwa, limehamishwa. Na mahali wanapoishi Waislamu, kama miji mingi ya pwani, anayepanda anatakiwa kuzungumza kwa heshima, bila kukashifu imani ya mwenzake na bila kumvuta mtu kwa chakula au fedha. Aliyenunuliwa hatamleta mwingine isipokuwa kwa kununua.

Siku ya kuondoka

Katika safari yake ya kwanza Paulo alipita tena Listra, Ikonio na Antiokia akiweka wazee, kisha akawakabidhi kwa Bwana na kwenda zake. Kuondoka ni sehemu ya mafunzo, na hupangwa tangu mwanzo. Mpandaji hujua mapema nani atashika Meza ya Bwana, nani atazika, nani atapatanisha wanandoa, na huanza kunyamaza vikaoni ili wengine waseme. Baada ya kuondoka huandika barua, hutembelea, hujibu maswali. Asipoondoka, kanisa hubaki mtoto. Akiondoka bila kuweka wazee, huliacha yatima.

Kwa hiyo mafunzo hayapimwi kwa idadi ya waliohitimu wala ya waliobatizwa siku ya kwanza. Hupimwa kwa wajukuu: je, aliyefunzwa amemfunza mwingine, na huyo amepanda mahali ambapo mkufunzi wa kwanza hajawahi kufika? Apolo Kivebulaya alifariki Boga mwaka 1933. Mwaka 1972 Boga ikawa kitovu cha dayosisi mpya ya Kianglikana, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi ile wakawa jimbo kamili lenye askofu mkuu wao. Walioijenga dayosisi ile ni watu waliofundishwa na wale waliofundishwa na mwalimu aliyekuja na jembe.